Chupa za Jumanne

Saa mbili na nusu asubuhi ya Jumatatu, Sajini Nomalizo Ludidi alivua kiatu cha kulia ndani ya gari la polisi, akavikunja vidole vya mguu mara mbili tatu, akakivaa tena. Kiatu kilikuwa kinambana tangu Alhamisi, na tangu Alhamisi hakuwa amepata nafasi ya kukivua zaidi ya saa tano mfululizo. Kiti cha nyuma kilijaa mafaili ya kesi nne, moja limemwagikiwa chai.

"Tunashuka, au tunangoja watuletee uji humu humu?" aliuliza Konstebo Vuyani Mjoli, mikono ikiwa bado kwenye usukani. Mjoli alikuwa na miaka hamsini na miwili, tumbo la kutosha, na cheo kilekile alichoanzia kazi.

"Nisomee tena ile karatasi."

"Umeshaisoma mara kumi, Sajini."

"Basi nisomee wewe ya kumi na moja. Macho yangu yamegoma."

Mjoli akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni. Zolile Mabandla, mwalimu mstaafu, miaka sitini na mitatu, mkazi wa mtaa huu hapa pembeni mwa Mthatha. Siku kumi na moja zilizopita, siku ya Alhamisi, aliondoka kwenda Ngcobo kwenye boma la marehemu baba yake, arudi Jumatano. Hakurudi. Jumatano hiyo saa moja asubuhi mkewe alipata ujumbe kutoka kwenye simu ya mumewe: *Kazi haijaisha. Nitarudi Ijumaa.* Ijumaa watu waliokuwa wanatafuta kondoo wakamkuta korongoni chini ya boma, kisogo kimepasuka. Simu haikuonekana. Daktari alisema kwa joto lile hawezi kuapa: siku mbili, siku sita, popote hapo katikati.

"Kwa hiyo Jumatano asubuhi alikuwa hai," alimalizia Mjoli. "Mdogo wake, Phakamile, anayeishi nao, Jumatano mchana alikwenda East London kupakua lori pamoja na wenzake wanne, akarudi Ijumaa usiku. Wenzake wote wanne wamethibitisha. Na mkewe, MaMpinga, Alhamisi, siku moja baada ya ujumbe, alionekana huko Ngcobo akigonga mlango wa boma na kupiga kelele. Na kabla mume hajaondoka, jirani alimsikia akimwambia, nasoma kama ilivyo: 'Nitaing'oa hiyo mibangi yako, na nikimaliza nitakung'oa na wewe.'"

"Hata mimi nimewahi kumwambia mume wangu hivyo."

"Na yuko wapi sasa?"

"Gqeberha, kwa mwanamke mwingine. Mzima wa afya."

Mjoli akacheka peke yake. Sajini alikuwa anatazama saa. MaMpinga alikamatwa Jumamosi saa tisa alasiri, na leo saa tisa zile saa arobaini na nane za sheria zilikuwa zinakwisha. Ama ashtakiwe kwa kumuua mumewe, ama atoke. Akishtakiwa, hakimu wa kusikiliza dhamana hana nafasi mpaka wiki ijayo, na mazishi ni Jumamosi hii. Mwanamke aliyeolewa miaka thelathini na minne angekaa nyuma ya nondo wakati mumewe anashushwa kaburini. Ndugu wa mume walikuwa wameshazitoa nguo zake chumbani. Zilikuwa barazani kwenye mfuko mweusi wa taka, na Sajini aliziona tangu jana.

Mkuu wake alikuwa amemwambia kwa simu alfajiri: "Andika hayo mashtaka, Ludidi, ukalale." Shauri zuri, hasa hilo la kulala. Lakini hakuwahi kumwona mwuaji anayesafiri kilomita themanini kwenda kugonga mlango wa maiti na kupiga kelele mpaka majirani watoke.

"Tushuke," alisema.

*

Uani mbele walikuwepo waombolezaji kumi hivi, viti vya plastiki, sufuria kubwa ya chai. Phakamile Mabandla alikaa kwenye benchi karibu na mlango, blanketi mabegani, kofia magotini. Aliinua kichwa akawatikisia, akakishusha tena. Wakapita pembeni mwa nyumba mpaka uani nyuma.

Mibangi yenyewe ilikuwa minne, kwenye ndoo nyeusi za lita ishirini zilizotobolewa chini. Mwalimu aliipanda kwa ajili ya magoti yake, baada ya miaka ya vidonge visivyomsaidia kitu. Minne, nyumbani kwake, kwa matumizi yake: sheria haikuwa na neno. Aliyekuwa na neno ni mkewe, mama wa kanisa, aliyekataa hata kufua taulo lililoanikwa karibu nayo.

Ilikuwa inasikitisha kuitazama. Majani yamelegea na kuning'inia, na ncha za yale ya chini zimekauka rangi ya kahawia, zinakatika ukizigusa.

Mjoli akachuchumaa kwa taabu, akavunja ncha moja, akainusa.

"Sajini. Hii ni sumu."

"Nani kasema?"

"Tazama ncha. Mche mzima haujafa, ila ncha zimeungua. Huyu mama alianza kuijaribu sumu kwenye bangi. Alipoona inafanya kazi..."

"Marehemu amepasuka kisogo, Mjoli. Hakuna mtu aliyempasua kisogo kwa sumu."

"Nasema nia. Nia ilikuwepo."

Kutoka ng'ambo ya uzio wa waya kulisikika kicheko kikavu. Bibi kizee alikuwa amesimama pale na bakuli la maganda ya viazi, na ilionekana alikuwapo muda mrefu. Huyu alikuwa MaGatyeni, jirani, yule yule aliyewaambia polisi habari za kung'oana. Aliolewa mtaa huu akitokea bondeni Lusikisiki, ambako bangi hulimwa kama mahindi na hakuna anayeipangia ratiba.

"Sumu gani, mwanangu?" alimwambia Mjoli. "Hiyo ni shibe."

"Shibe?"

"Mwalimu aliilisha mbolea ya nyanya kama mama anayemlisha mtoto wa kwanza. Kifuniko kimoja kilitosha, yeye anaweka viwili. Mche ukizidiwa na chakula huungua ncha. Nilimwambia. Akaenda kuandika kwenye daftari."

"Daftari gani?" Sajini aligeuka.

"Si liko hapo kwenye mfuko, limening'inia msumarini. Tatizo lenu polisi mnaangalia chini tu."

Sajini aliangalia juu. Mfuko wa plastiki ulikuwa msumarini chini ya paa la banda, na ndani yake daftari la shule lililofunikwa kwa gazeti, pamoja na kalamu nyekundu. Akalifungua. Mwandiko ulikuwa wa mwalimu kabisa, kila mstari umenyooka.

*Siku ya 9. Nimemwagilia asubuhi na jioni. Majani yamelegea. Nikadhani ni kiu, nikaongeza. MaGatyeni anasema naizamisha, mizizi haipumui. Mche wa kwanza: 3/10.*

*Siku ya 23. Mbolea vifuniko viwili. Ncha zimeungua. Mche wa tatu: 4/10. Kosa ni la mwalimu, si la mwanafunzi.*

*Siku ya 24. Kuanzia leo nainyanyua ndoo kwanza. Ikiwa nzito naiacha. Ikiwa nyepesi namwagilia. Maji ya bomba yalale usiku mzima chupa wazi, ile dawa itoke. Mbolea nusu kifuniko, mara moja kwa wiki, basi.*

Sajini alisoma ule mstari wa kosa la mwalimu mara mbili. Akajikuta anampenda mtu ambaye alimwona mara moja tu, chini ya shuka la hospitali, na hilo likamchosha zaidi. Akafunua ukurasa wa mwisho. Hapo kulikuwa na jedwali, limepigwa rula.

*KAZI YA PHAKAMILE. Ijumaa: maji. Jumapili: maji. Jumanne: maji na mbolea (nimeshachanganya mwenyewe, USIONGEZE KITU). Jumatano narudi.*

Mbele ya Ijumaa palikuwa na alama ya vema na herufi P.M. kwa kalamu ya bluu. Mbele ya Jumapili, vivyo hivyo. Mbele ya Jumanne palikuwa peupe.

"Chupa," alisema Sajini. "Anasema ameshachanganya. Tafuta chupa."

Hazikuwa mbali. Nyuma ya tangi la maji, juu ya ubao, kivulini, zilipangwa chupa kumi na mbili za lita mbili. Kila moja ilikuwa na karatasi iliyobandikwa, siku imeandikwa kwa wino mwekundu. Nne za Ijumaa, tupu. Nne za Jumapili, tupu. Nne za Jumanne zilikuwa zimejaa, maji yake yana rangi ya kijani hafifu, na katika moja nzi wawili walikuwa wamekufa wanaelea.

Sajini akarudi kwenye ndoo, akashika mdomo wa ile ya karibu, akainyanyua kwa mkono mmoja. Ilipanda juu kwa urahisi. Akaingiza kidole cha shahada kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Mkavu mpaka chini.

"Kasahau," alisema Mjoli. "Wanaume tunasahau, Sajini. Mke wangu aliniachia kuku sita."

"Ijumaa hakusahau. Jumapili hakusahau. Na Jumanne yuko hapa hapa nyumbani, East London anakwenda Jumatano."

"Mvivu."

"Mvivu huweka alama ya vema hata kama hajafanya. Wewe hujawahi kujaza kitabu cha doria?"



*

Sajini alikwenda mpaka kwenye uzio. "Bibi, Jumatatu na Jumanne ya wiki iliyopita Phakamile alikuwa hapa?"

"Alikuwepo. Kwani angekwenda wapi? Kazi yake kukaa." MaGatyeni akamwaga maganda kwa kuku wake. "Ila wiki hiyo alikuwa na lake jambo."

"Jambo gani?"

"Jumatatu nilimwita anichimbie tuta la viazi. Kila mwaka ananichimbia yeye, simpi pesa, nampa bakuli la maziwa ya mgando na mkate, anafurahi. Safari hii ananiambia mkono unauma. Nikasema haya, pole. Jioni namwona na mkono huohuo kabeba kreti la bia begani."

"Ukamwambia?"

"Ningeachaje? Nikamwambia mkono wako unajua kuchagua. Hakucheka. Huyo ni mtu wa kucheka, mwanangu, hata msibani anacheka. Nikamhurumia, nikamletea maziwa hivyo hivyo. Akalisukuma bakuli kama nimemletea mafuta ya taa. Phakamile! Ambaye mama yake alikuwa anayafungia kabatini."

Sajini alikuwa ameacha kuandika. "Nani basi aliyekuchimbia tuta?"

"MaMpinga. Jumanne. Alikuja na jembe lake mwenyewe, tukachimba mawili, asubuhi mpaka saa sita. Huku anamsema mumewe mwanzo mwisho, mimi nacheka. Tulipomaliza akaenda kupanda vitunguu vyake, vile pale." Akaonyesha kwa kidevu mistari mitatu ya majani membamba kando ya ukuta.

"Siku hizo mtaani kulikuwa na msiba wowote?"

"Msiba? Hapana."

"Una uhakika, Bibi?"

"We, unanionaje? Kungekuwa na maiti haijazikwa ningegusa jembe mimi? Ningewaachia watu wanywe maziwa? Nimezaliwa na watu..."

Bakuli lilibaki mkononi, mdomo wazi. Kisha mkono wa pili ukapanda polepole ukauziba ule mdomo.

"Hapana," alisema kupitia vidole. "Hapana, hapana. Nimembeba Phakamile mgongoni, alipoletwa huku mchanga."

"Bibi, ingia ndani ukae. Usiongee na mtu. Nitakuja kuandika maelezo yako mwenyewe."

Mjoli alikuwa ameshafika nyuma yake. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa na mzaha. Na yeye alizaliwa na watu. Mama yake alipofariki, alikaa siku tisa bila kugusa hata ua la kwenye kopo.

"Niite gari la pili?" aliuliza.

"Ita. Kisha niletee Phakamile huku nyuma. Kwa heshima, asishikwe mkono. Kuna wazee pale mbele."

*

Phakamile alikuja na blanketi lake. Alikuwa mtu mrefu wa miaka arobaini na tisa, mabega yameinama, macho mekundu. Sajini alikuwa amekaa juu ya ndoo tupu iliyogeuzwa.

"Nisamehe sisimami, Kaka Phakamile. Miguu."

"Kaa tu, dada. Maelezo si nilishatoa?"

"Ulitoa. Nimebakiza vitu vidogo. Ngcobo ulikwenda lini mara ya mwisho?"

"Pasaka."

"Jumapili ile ya wiki ya juzi ulikuwa wapi?"

"Hapa. Asubuhi nikamwagilia, mchana nikaenda kuangalia mpira."

"Kwa nani?"

"Kwa... kwenye baa. Pale njia panda."

"Nani alicheza?"

"Dada, kaka yangu amekufa. Unaniuliza mpira?"

"Sawa. Tuache mpira." Akageuka. "Mjoli, hebu chukua chupa moja pale, uimwagilie hii miche. Inakufa, na ni mali ya marehemu."

Mjoli akachukua chupa, akainama juu ya ndoo ya kwanza.

"Acha!" Phakamile alipiga hatua mbele. "Unafanya nini wewe? Mtu hajazikwa!"

"Ni maji tu," alisema Sajini.

"Ni udongo huo. Ni bustani yake. Hukulelewa wewe? Mpaka Jumamosi hapa hapaguswi kitu."

"Umesema kweli. Rudisha, Mjoli. Nisamehe, Kaka, siku nyingi nimekaa mjini." Akasugua kifundo cha mguu. "Nikumbushe. Kuzila huko, kujinyima jembe na maziwa, kunaanza siku mtu anapokufa, au siku habari inapofika?"

"Habari inapofika, bila shaka. Utazila vipi kitu usichokijua?"

"Na wewe habari ilikufikia lini?"

"Ijumaa. Nikiwa East London. Shemeji alinipigia."

"Ijumaa."

"Ndiyo, Ijumaa."

Sajini alinyoosha mkono nyuma, akachukua chupa moja yenye karatasi ya Jumanne, akaiweka chini baina yao, halafu akaliweka daftari juu ya goti, limefunuliwa ukurasa wa jedwali. Phakamile akaangalia chupa. Akaangalia daftari.

"Nilisahau," alisema.

"Jumatatu ulikataa jembe."

"Mkono uliuma."

"Ukakataa na maziwa. Maziwa yananywewa kwa mkono gani?"

Upepo ulipita ukayatikisa yale majani makavu. Kutoka mbele walikuwa wameanza kuimba wimbo wa kanisa, mwanamke mmoja ametangulia na wengine wanamfuata.

"Kabla hujasema lolote," alisema Sajini, na sauti yake ilikuwa ya kuchoka tu, haikuwa na ukali, "una haki ya kunyamaza. Utakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Unaweza kupata wakili, na kama huna uwezo serikali itakupa. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Unataka kunyamaza?"

Phakamile akalivuta blanketi, likaanguka, hakuliokota. Akakaa chini, kwenye saruji, miguu mbele kama mtoto.

"Nilimsukuma mara moja tu," alisema. "Nilikwenda kuongea naye. Boma ni la baba yetu. Mimi nimezaliwa mle, kitovu changu kiko mle. Anataka chifu aliandike kwa jina la MaMpinga! Nikamwambia, kaka, na mimi je? Akaniambia utanywea bia. Hivyo tu, utanywea bia. Tulikuwa pale ukingoni, anaangalia uzio. Nikamsukuma."

"Jumapili."

"Jumapili jioni. Nilishuka nikamshika. Nikamwita. Nikakaa naye mpaka giza, dada, naapa."

"Halafu ukachukua simu yake."

"Nikachukua simu."

"Na Jumatano ukaandika ule ujumbe, ukapanda lori, ukawa na mashahidi wanne."

Akaitikia kwa kichwa.

"Ungemwagilia tu, Phakamile," alisema Mjoli, na ilikuwa kama ameshindwa kujizuia. "Ungenyanyua jembe dakika kumi, ukanywa hayo maziwa. Nani angejua?"

Phakamile alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakutembea uchi.

"Ni kaka yangu," alisema.

Sajini alifumba macho kidogo, akayafumbua. "Simu iko wapi?"

"Nyuma ya tangi, kwenye mfuko wa mkate, nimeibana kwenye bomba. Sikuifukia."

"Najua hukuifukia," alisema Sajini.

*

Maelezo yakaandikwa, yakasomwa, yakatiwa sahihi. Simu ilitolewa mbele ya wazee wawili wa ukoo, ikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikapigwa lakiri. MaGatyeni alitoa maelezo yake akilia, akataka yale maneno ya kung'oana yafutwe, akaambiwa hayafutiki ila hayana kazi tena. Ilipofika saa nane na dakika ishirini Sajini Ludidi alikuwa kituoni, mbele ya mlango wa mahabusu ya wanawake, na karatasi ya kuachiliwa mkononi. Kiatu cha kulia hakikuwa kinamuuma tena, mguu ulikuwa umekufa ganzi.

MaMpinga alikuwa amekaa kwenye mkeka mwembamba, mgongo ukutani, bado amevaa sketi aliyokamatwa nayo. Sajini aliingia, akachuchumaa mbele yake, akamweleza yote kwa mpangilio, polepole: Phakamile, boma, ukingo wa korongo, simu. Alimwambia yuko huru. Alimwambia wazee wenyewe wameurudisha ule mfuko wa nguo chumbani, na godoro la mjane limeshatandikwa, linamngoja.

MaMpinga alisikiliza bila kupepesa. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja.

"Alikufa siku gani?"

"Jumapili, mama. Jioni."

"Si Jumatano?"

"Ujumbe wa Jumatano aliuandika Phakamile."

MaMpinga akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo inacheza bila sauti. Jumatatu. Alipofika kidole cha pili akakwama hapo.

"Jumanne nilikuwa nalima," alisema.

"Nimeambiwa."

"Nilikuwa nalima huku namtukana. Nilisema magoti yake na mibangi yake vyote vikaoze huko Ngcobo. Tukacheka." Akakitazama kile kidole. "Na lile bakuli la maziwa, alilolikataa Phakamile. MaGatyeni alinipa mimi. Nikayanywa yote. Nikalikwangua bakuli kwa kijiko."

"Hukujua, mama. Hakuna aliyekuambia."

"Nilipika nyama Jumatano."

"Hukujua. Na ndicho kilichokutoa humu. Asiyejua ndiye aliyeshika jembe. Mimi nilipoambiwa ulipanda vitunguu Jumanne, ndipo nilipokuwa na uhakika."

Alidhani hayo yangekuwa faraja. Alikuwa ameyabeba njia nzima ndani ya gari ili aje ayaseme. MaMpinga aliyapokea kama mtu anayepokea kofi, akayageuza macho ukutani.

Nje Mjoli alikuwa amewasha injini, wanaisikia. Karatasi ilikuwa tayari, kalamu ilikuwa tayari. Sajini alimpa mkono ainuke, lakini MaMpinga hakuinuka, na baada ya kungoja kidogo Sajini naye akakaa pale pale sakafuni kando yake, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuendelea kuchuchumaa.

"Jumapili mpaka Ijumaa," alisema MaMpinga hatimaye, na sasa sauti ilikuwa inakatika. "Siku zote hizo, aliyekuwa anamlilia mume wangu ni yule aliyemuua, peke yake."